Kitumbua Kimoja kwa Siku

Wivu wangu kwa mwanamke yule ulianza na kitumbua. Wanawake wa Likoni walipolisikia hilo walicheka hadi wakashika mbavu, kwa kuwa kwetu mke akilalamika kwamba mumewe anakula kitumbua kwa jirani, hakuna anayefikiria mchele. Mimi nilikuwa nasema mchele. Mchele, tui na iliki. Wacha wacheke. Lau mume wangu angekwenda kwake kwa lile wanalolifikiria wao, ningejua la kufanya, maana lile lina kadhi na lina talaka. Kwa kitumbua cha kweli huwezi kwenda kwa kadhi.

Mume wangu alikuwa fundi cherehani. Cherehani yake aliiweka kwenye baraza ya duka moja juu ya barabara ya feri, akishona kanzu na suruali, na nyakati za harusi magauni. Aliniposa kwa sababu ya mkono wangu, na halikuwa jambo la siri. Alikula mkate wa sinia nilioupika kwenye harusi ya jirani, akauliza nani kaupika, na kabla mwezi haujaisha mamake alikuwa sebuleni kwetu akinitaka. Kaimati zangu, zilizochovywa kwenye shira ya sukari, zilisifika mpaka ng'ambo ya kisiwani. Kwenye harusi nilikuwa siitwi kula, niliitwa kupika, na nilijivunia hilo kuliko dhahabu niliyovaa. Mwenzangu mmoja alikuwa na sura nzuri, mwingine alikuwa na nywele. Mimi nilikuwa na shira.

Maradhi yalimwanza miaka michache kabla ya uhuru. Alikuwa akinywa maji kama mtu aliyetoka safari, na hayakumkata kiu. Alikonda, na akiinuka kwenye cherehani alisema miguu imekufa ganzi. Kisha nikaona chungu, wale wadudu wadogo weusi, wamejipanga uani mahali alipokuwa akikojoa. Mamangu alikuwa amenifundisha maana yake tangu utotoni. Kesho yake tulivuka feri kwenda hospitali.

Daktari alikuwa Mhindi mwenye miwani, akasema maneno mengi kwa Kiingereza. Dresa wake, yaani msaidizi wa tabibu, kijana wa bara mwenye kaptura nyeupe iliyopigwa pasi ikasimama, ndiye aliyetutafsiria, na tafsiri yake ilikuwa fupi.

"Mzee, wewe iko na sukari kwa damu. Kuanzia leo hapana kula kitu tamu. Kitu yote tamu, wacha kabisa." Akanigeukia mimi. "Mama, wewe ndiyo napika. Ukipatia yeye kitu tamu, mguu nakatwa."

Sisi watu wa pwani tuna kiburi cha lugha, wallahi tunacho. Kwenye feri ya kurudi nilimwiga yule dresa, kitu yote tamu, mguu nakatwa, nikitaraji mume wangu atacheka. Hakucheka. Alikuwa anautazama mguu wake wa kulia, ule unaokanyaga cherehani. Bila ya mguu ule hakuna kanzu, na bila ya kanzu hakuna nyumba.

Nilimcheka dresa kwa sarufi yake, lakini neno lake nililishika kama aya. Kitu yote tamu. Sasa kwetu mchuzi ukikolea ni mtamu. Samaki wa kupaka ni mtamu. Wali wa nazi ni mtamu, na hata mchicha ukitiwa tui na chumvi ya kiasi watu hulamba vidole wakasema, mtamu huu. Dresa hakusema sukari, alisema tamu, tena akasema yote. Nikaondoa yote. Nikampikia wali mkavu usio nazi, samaki wa kuchemsha asiye ndimu wala pilipili, kunde za maji. Chumvi nilimwonyesha tu kwa mbali. Chai ilikuwa ya rangi, bila sukari, bila tangawizi. Nami nilikula naye kile kile, maana sikutaka aseme mke wake anastarehe huku yeye anaadhibiwa.

Alikula akitazama ukuta. Kila akimaliza alikuwa akisema "Alhamdulillahi" kwa sauti ya mtu aliyemaliza kuchimba kisima. Mimi moyo uliniuma, lakini nilijiambia, uchungu wa leo ndio mguu wa kesho.

Kisha akaanza kuchangamka. Hilo ndilo lililonitia shaka. Mtu anayelishwa kunde za maji hachangamki. Asubuhi alianza kutoka mapema, eti kuna nguo za watu, na akirudi mchana alikula chakula changu bila kulalamika, hata alinitania. Siku moja nikafua leso yake ya mfukoni nikanusa iliki. Mimi pua yangu ni ya mpishi, na iliki haijifichi.

Wifi yangu, dada yake mume wangu, ndiye aliyekuja kunitoa ujinga. Alikaa kwenye mkeka, akajipepea na ncha ya buibui lake, akavuta pumzi kama mtu anayeona raha kuanza.

"Wifi yangu, mimi sipendi kusema," akasema.

"Basi usiseme."

"Ndugu yangu ana kitumbua chake njia ya Shelly Beach."

"Kitumbua gani?"

"Cha kula, wifi! Astaghfirullahi. Kwa yule mjane Mdigo anayepika chini ya banda la makuti, pale wapitapo wafanyakazi wa hoteli. Kila asubuhi yuko pale kwenye benchi, ametulia kama bwana harusi."

Wifi alicheka. Mimi sikuweza. Mimi nimejinyima chumvi mwezi baada ya mwezi kwa ajili ya mguu wake, na yeye mguu huo huo anautumia kwendea vitumbua vya sukari! Na vya nani? Vya mwanamke wa kando ya njia, ambaye hakuna harusi iliyowahi kumwita.

Nilikwenda. Lakini sikwenda hivi hivi, nilikwenda kwa leso. Nilichagua mpya, nyekundu, ambayo mwenye duka alikuwa amenisomea maneno yake siku niliyoinunua, maana mimi nilisoma chuo cha Kurani tu na herufi za kizungu sizijui. Nilingoja mpaka saa ambayo mume wangu huwa ameshakaa kwenye cherehani yake, kisha nikateremka ile njia.

Mjane alikuwa amechuchumaa mbele ya jiko, akigeuza vitumbua kwa kijiti. Alikuwa na umri kama wangu. Nilitaka awe kijana mno au mzee mno, nipate la kumsema, lakini alikuwa kama mimi. Nikasimama, nikageuka taratibu kana kwamba natazama njia, ili maandishi yaonekane vizuri.

"Karibu, bibi," akasema. "Leso nzuri. Yasemaje? Mimi sijui kusoma."

Basi ikanilazimu kuisema kwa mdomo wangu mwenyewe, na maneno ya leso yakisemwa kwa mdomo hupoteza nusu ya ukali. "Yasema, mla cha mwenziwe na chake huliwa."

Alitikisa kichwa, akakubali. "Ni kweli hayo. Ndipo nami nikafunika hivi." Akagusa kawa ndogo iliyokuwa pembeni, mbali na sinia kubwa. "Nisipofunika, wapita njia watavila, na mwenyewe ni mgonjwa. Leo amesahau kuchukua vya mchana."

"Mgonjwa gani?"

"Fundi cherehani wa pale juu. Ana sukari. Hivi sikutia sukari hata punje. Namtengea."

Namtengea. Nilikuja na maneno yangu yote tayari, nimeyapanga njia nzima, na neno hilo moja likayamwaga. Kama angekuwa anamlisha sukari, ningemshika ukosi, ningemwambia muuaji wee, na mji mzima ungekuwa upande wangu. Lakini alimtengea. Alikuwa na chungu chake cha unga, kidogo, kando. Alikuwa anaamka akimfikiria mume wangu kabla hajawafikiria wateja wake. Kuwafikiria wagonjwa wa watu ni thawabu, najua. Basi atafute mgonjwa mwingine.

"Na mkewe je?" nikauliza.

"Mkewe ampikia chakula kisicho chumvi. Yasemekana mkono wake wasifika sana, lakini siku hizi ampa kunde za maji tu." Akageuza kitumbua. "Labda amechoka naye."

"Hakuchoka! Daktari ndiye aliyekataza kitu kitamu."

"Daktari kakataza sukari, bibi," akasema polepole, kama mtu anayemweleza mtoto. "Utamu hakukataza."

Alifunua kawa akanipa kimoja nionje. Sitasema kilikuwa kibaya, ningekuwa mwongo. Kilikuwa cha rangi ya dhahabu pembezoni, laini katikati, tui limejaa, iliki haikuzidi wala haikupungua, na nyuma ya ulimi kulikuwa na utamu ambao sikujua unatoka wapi. Nilimwuliza ametia nini. Akaniambia bila kuficha: mchele wa kuroweka, tui zito la nazi iliyokomaa, na ndizi mbivu iliyopondwa. Basi. Mpishi wa kweli haulizwi siri yake akaitoa hivyo. Hata hilo lilinikasirisha, kwa sababu mimi nisingempa.

Nikashukuru kwa shingo upande nikaondoka. Sijafika mbali, nikasikia, "Mke wa fundi!"

"Abee," nikaitika, kabla sijakumbuka kwamba nimekuja kugombana.

"Mtilie chumvi, bibi. Chumvi haina neno."

Kumbe alikuwa ananijua tangu nilipojigeuza na leso yangu.

Siku hiyo nilimwaga kunde. Nikakuna nazi mbili, nikapika samaki wa kupaka mpaka jirani akachungulia ua kuuliza kuna mgeni gani. Mume wangu alipoonja, aliacha kutazama ukuta akanitazama mimi. Hakuuliza kitu. Nami sikusema nimetoka wapi. Lakini nilikuwa nimekwisha kuapa moyoni, kwamba kama kuna mtu atakayempa mtu huyu utamu usio sukari, mtu huyo ni mimi, niliyeposwa kwa ajili ya utamu.

Kusema ni rahisi. Mpishi aliyezoea sukari akinyimwa sukari ni kama seremala aliyenyimwa misumari. Mkate wa sinia wa kwanza niliopika bila sukari ulikataa kuumuka, kwani hamira nayo inataka kula, ukalala kwenye sinia mweupe kama uso wa mgonjwa, na makaa niliyoweka juu ya kifuniko hayakuupa rangi. Kuku ndio walioula. Wa pili niliitilia hamira kijiko kimoja cha sukari, nikauacha unga uchache muda mrefu, hamira iimalize yote yenyewe. Huo uliumuka vizuri, lakini ukawa na uchachu kama togwa. Kisha mtu akaniambia kuna sakarini, vidonge vidogo vinauzwa duka la dawa, kimoja kinatosha kikombe cha chai. Nikafikiri, kama kimoja kinatosha kikombe, vingi vitatosha sinia. Nikavichemsha ndani ya tui. Mungu ndiye shahidi, mkate ule ulikuwa mzuri wa kutazama, na ulipofika kooni ulikuwa mwarobaini.

Mume wangu alikula kipande kizima. Akanywa maji. Akasema, "Ahsante, mke wangu."

Nililia jikoni. Miaka yote hiyo alikuwa hajawahi kunishukuru kwa mkate wa sinia. Kitu kitamu hakishukuriwi, humalizwa. Na nilijua kule njia ya Shelly Beach hasemi ahsante.

Baadaye nikajua kwamba sakarini haitiwi motoni, hutiwa chakula kikishapoa, lakini nilikuwa nimekwisha kuichukia. Nikaenda kwenye tende. Tende si sukari, nikajiambia, tende ni sunna, haiwezi kumdhuru Muislamu. Nikazitoa kokwa, nikaziroweka, nikaziponda mpaka zikawa kama asali nyeusi, nikachanganya na unga wa mchele na tui. Mkate ukaumuka, ukashika rangi, nyumba nzima ikanukia. Mume wangu alikula akarudia, hakusema ahsante. Nilifurahi siku ile kama bi harusi.

Lakini asubuhi aliendelea kutoka mapema. Hakuacha kitumbua cha kule kwa ajili ya mkate wa huku, alivitia vyote tumboni. Asubuhi kwa mjane, alasiri kwangu, na kila mmoja wetu akiona sahani imerudi tupu akiongeza kesho yake. Mimi nilianza kumfanyia vibibi, vile vichapati vya mchele, na vipopoo, yale madonge ya unga ndani ya tui, vyote vya tende. Nikasikia mwenzangu naye ameanza kumkaangia ndizi. Wifi yangu alikuwa akija na habari kila baada ya siku mbili tatu, na kila akiondoka mimi niliwasha jiko.

Hospitali, mkojo ulipimwa kwa kuchemshwa ndani ya kichupa chembamba chenye dawa ya buluu. Ukibaki buluu ni heri, ukiwa kijani si vibaya sana, na ukiwa rangi ya matofali ni balaa. Miezi ya kunde za maji ulikuwa unabaki buluu. Mwezi huo dresa alikishika kichupa juu ya moto, na dawa ikapita kijani bila kusimama, ikapita manjano, ikafika kwenye tofali ikatulia hapo.

Dresa alimkazia macho mume wangu. "Mzee, wewe nakula nini?"

Mume wangu akatazama sakafu. Mimi nikaona nafasi yangu. "Kuna mwanamke anampa vitumbua," nikasema. "Ati havina sukari. Atia ndizi."

"Ndizi gani?"

"Kisukari," akasema mume wangu, kwa sauti ndogo.

Dresa aliangua kicheko, na mimi nikacheka naye, nikacheka sana, kwani ni ndizi zile ndogo tamu, na sote tumeziita hivyo tangu kuzaliwa bila kulisikia jina. "Mzee! Jina yenyewe nasema sukari!" Nilitamani mjane angekuwepo asikie. Sikuwahi kumpenda mtu wa bara kama nilivyompenda dresa yule dakika ile.

Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe mama, nyumbani napatia yeye nini?"

"Mimi? Tende tu."

"Tende!"

"Tende ni sunna."

"Mama, sunna ni sawa," akasema, hakucheka tena. "Lakini damu hapana jua sunna. Tende ni sukari. Ndizi ni sukari. Mchele ukikula mingi, hiyo pia nageuka sukari." Akamvua mume wangu kiatu, akamchoma kidole cha mguu kwa sindano. Mume wangu hakushtuka. Akachoma tena, na tena hakushtuka. Aliyeshtuka ni mimi.

Basi dresa akatupa sheria, na safari hii akaisema taratibu ili pasiwe na neno la kugombania. Kitu ya mchele asubuhi, moja tu. Kama ni kitumbua, kitumbua moja, bila ndizi, bila tende. Ukitaka tamu, weka iliki, weka tui. Mchana, samaki na mboga. Ya pili hapana, mpaka kesho.

Tulirudi kwa feri. Siku zile mazungumzo ya uhuru yalikuwa yamepamba moto, na kwenye feri watu walikuwa wakibishana juu ya mwambao, uwe wa Sultani au uwe wa Kenya, wengine wakipiga kelele mpaka mate yanaruka. Mimi sikusikia hata neno. Kichwani mwangu kulikuwa na mwambao mwingine. Kitumbua kimoja kwa siku. Kimoja. Mikono ilikuwa miwili, wangu na wa mjane, na mdomo ni mmoja, na sasa mdomo ule hauwezi tena kutupendeza sote. Ilibidi achague, na kila asubuhi atachagua upya.

Sikumwuliza. Nilinunua kikaango changu cha vitumbua, kipya, na kila alfajiri nikapika kimoja tu, cha mchele na tui na iliki, na sakarini kidogo sana niliyoiyeyusha kwenye tui baridi na kukipaka kikishapoa, nacho kikawa hakina uchungu. Kupika kitumbua kimoja ni kazi ya kipumbavu, kikaango kina vishimo saba na sita vinakutazama. Nikakifunika kwa kawa. Siku nyingine alikaa, akakila, akanywa chai yake, na mimi nilifagia ua nikiimba. Siku nyingine alitoka akarudi mchana, na nikikifunua kile kitumbua mbele yake alisema, "Leo nimeshakula."

Nimeshakula. Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama mtu anayetimiza amri ya daktari. Mtu hawezi kumgombeza mumewe kwa kutii daktari, na yeye alijua, na mimi nilijua. Kuku wangu walinona mwaka ule. Nikawa najua saa ya mjane kuwasha jiko kwa moshi wake, najua siku ambazo hakupika kwa sababu ya mvua, na nikawa naipenda mvua. Hata kwenye sala niliomba mvua, tena ya asubuhi.

Mguu ulipona, niseme haki. Mkojo ulirudi kijani, kisha buluu. Tulikuwa tumemponya sisi wawili, kila mmoja kwa kumwonea choyo mwenziwe, na mimi sikutaka kumgawia yule mwanamke hata nusu ya sifa hiyo.

Uhuru ulipokaribia, Likoni ikajaa bendera za karatasi, mume wangu akashona mpaka vidole vikavimba. Asubuhi moja alikaa kwenye kiti chake jikoni, hakufunua kawa. Nilijua kuna neno.

"Mke wangu," akasema. "Yule mjane watu wanamsema kwa sababu yangu. Kukaa kwangu pale bandani si vizuri. Nataka kumwoa."

Sikupiga kelele. Nafikiri alikuwa amejiandaa kwa kelele, na kwa machozi pia, na kwa wifi yangu kuitwa. Nilimalizia kuosha upawa, nikauning'iniza.

"Dini imekuruhusu wanne, bwana," nikamwambia. "Sukari imekuruhusu kimoja."

Nje watoto walikuwa wanapita na bendera zao wakiimba. Kisha akafunua kawa, akakitwaa kitumbua changu, akakivunja katikati. Nusu aliiweka mbele yake. Nusu aliirudisha kwenye sahani, akaisogeza kando, na hakuwa na haja ya kuniambia nafasi ile ya tumbo ni ya nani. Alifanya kwa uangalifu, kama anavyokata kitambaa cha watu, na nusu zote mbili zilikuwa sawasawa. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nilitaka moja ipunguke.

Nilivitazama vipande vile. Nikauliza, "Ipi inaliwa kwanza?"

Hakuwa amelifikiria hilo. Mwanamume hajui kwamba nusu inayokuta njaa si sawa na nusu inayokuta shibe.

"Ya kwanza ni yangu," nikasema. "Kila siku. Ikiwa zamu yangu, ikiwa zamu yake. Ukikubali, mwoe. Hukukubali, usimwoe."

"Nimekubali," akasema, akala.

Akamwoa. Alimpangia chumba cha mtaa wa chini, si mbali na lile banda. Usiku wa kwanza wa zamu yake kule nililala vizuri kuliko nilivyotaraji, nikaamka kabla ya adhana. Nikapika, nikakivunja kitumbua, nusu nikaifunika kwa kawa, nikavaa buibui nikateremka nayo. Kulikuwa bado kuna ukungu wa bahari njiani. Nikapiga hodi. Mwenzangu alifungua mlango, leso kaifunga kifuani, usingizi haujamtoka machoni, na nyuma yake niliona jiko lake bado ni jivu la jana.

"Karibu, bibi," akasema. "Kuna nini?"

"Fundi yuko wapi?"

"Amelala."

"Mwamshe," nikasema.